Mshika Mawili Moja Humponyoka

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Methali hii huandikwa ubaoni, hunakiliwa daftarini, kisha husahauliwa. Mtu huikumbuka siku ile kitu kinapomponyoka kweli, naye akatazama chini na kuona ya kuwa kilichoanguka si chungu wala bilauri, bali ni amana ya mtu mwingine. Ndivyo yalivyomfika konstebo mmoja wa polisi nchini Uganda, mtu mwenye utumishi wa miaka minane, asiye mlevi wala mvivu, ambaye hakuwa amepata kuchelewa zamu wala kukosa gwaride.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, nalo wingu la mvua limetanda. Konstebo alikuwa peke yake kaunta, kwani mwenzake alikuwa amekwenda kuwapa mahabusu maji. Mwili wake ulikuwa pale, lakini moyo ulikuwa umegawanyika mafungu matatu. Fungu moja lilikuwa shuleni kwa mtoto wake wa kwanza, ambako nusu ya karo ilikuwa haijalipwa. Fungu la pili lilikuwa kwenye kozi ya kupandishwa cheo aliyokuwa akiingojea mwaka wa pili sasa. Fungu la tatu, nalo ndilo lililokuwa kubwa, lilikuwa kwenye shamba la marehemu baba yake, ambalo ndugu zake walikuwa wakiligombania tangu asubuhi kwa ujumbe wa simu. Simu yenyewe ilikuwa imelazwa kando ya kitabu cha taarifa. Kila ilipotetemeka, jicho lake lilikwenda.

Ilipata saa tisa, akaingia mama mmoja, leso imefungwa kiunoni, miguu imejaa tope. Alieleza kwamba mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka sita, alitoka saa sita mchana kumfuata mbuzi aliyekata kamba. Mbuzi amerudi, mtoto hajarudi. Konstebo akachukua kalamu kama alivyofundishwa, akauliza jina la mtoto, umri wake na rangi ya shati lake. Walipofika kwenye jina la kijiji, simu ikatetemeka. Kaka yake alikuwa amemwandikia kwamba watu wa kupima shamba wamekwisha fika. Konstebo akasoma kwa nukta mbili tu, pengine tatu.

Sasa yafaa ieleweke kwamba katika sehemu zile kuna vijiji viwili vyenye jina moja, kimoja kikiitwa cha Juu na kingine cha Chini, na kati yao pana kinamasi kipana cha mafunjo. Mama akasema, "Cha Chini." Sikio likasikia. Mkono ukaandika, "Cha Juu."

Mama akaambiwa arudi nyumbani akawangoje askari. Sajini wa zamu akasoma taarifa, akawatuma askari wawili kwa pikipiki hadi kijiji cha Juu, na mwenyekiti wa kijiji kile, kwa wema wake, akawakusanya vijana wakaanza kupekua mashamba na vichaka. Kila mtu alifanya kazi yake vizuri. Walifanya vizuri mahali pasipostahili. Huku ng'ambo ya pili ya kinamasi mama alikuwa amesimama njiani akitazama upande wa barabara, mvua ikinyesha, wala hakuna aliyekuja.

Saa kumi na mbili jioni alirudi kituoni akiwa ameloa chapachapa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Afande, mbona hamji?" Sajini akafungua kitabu, akamsomea maneno yaliyoandikwa. Mama aliposikia jina la kijiji akashika kichwa kwa mikono miwili.

Mtoto alipatikana saa mbili usiku, ameketi juu ya kichuguu katikati ya mafunjo, maji yamemzunguka, anatetemeka, na mkononi bado amekamata kipande cha kamba ya mbuzi. Alilala siku tatu katika kituo cha afya kwa homa kali, kisha akapona. Usiku ule ule mama yake alipiga magoti mbele ya askari wote, kama ilivyo desturi ya kwao, akawashukuru mmoja mmoja. Alipofika kwa konstebo alishukuru vilevile, kwani alidhani kosa lilikuwa la masikio yake au la ulimi wake mwenyewe, kwamba hakutamka vema. Konstebo alizipokea shukrani hizo akiwa amekauka kama mti. Laiti angetukanwa, ingekuwa nafuu.

Katika kitabu cha polisi neno halifutwi. Neno lenye kosa hupigwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka, lililo sahihi huandikwa kando, na mwandishi hutia sahihi yake. Konstebo alifanya hivyo, akaenda kwa mkuu wa kituo, akaeleza yote, pamoja na habari ya simu. Akapewa onyo la maandishi. Alipotoka alimkuta sajini barazani akisubiri mvua ikatike. Sajini huyo alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, na sauti yake haikuwa ya kugomba.

"Mwanangu," alisema, "tulipokuwa makuruta, wakufunzi walitusimulia habari za Akii-Bua. Unamjua?"

"Namsikia, afande. Aliyeruka viunzi."

"Basi usimsikie tu. Mfikirie."

Na kweli kuna haja ya kumfikiria. John Akii-Bua, mzaliwa wa Lango mwaka 1949, alikuwa askari polisi kabla dunia haijamjua. Mwalimu wake wa mbio alikuwa Mwingereza, Malcolm Arnold, naye alimtia katika mashindano ya mita 400 kwa kuruka viunzi. Mwaka 1970, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza wa nne. Wa nne harudi nyumbani na nishani. Hata hivyo aliendelea na mazoezi, akikimbia na kuruka huku amevaa koti lililotiwa uzito, hadi ilipofika siku ya Olimpiki mjini Munich, Septemba 2, 1972.

Siku hiyo alipangiwa njia ya kwanza, yaani ile ya ndani kabisa, ambayo kona yake ni kali kuliko zote. Tena kwa kuwa wakimbiaji huanza kwa kupishana ili umbali uwe sawa, aliye njia ya kwanza husimama nyuma ya wote. Askari yule aliwaona washindani saba mbele yake, na miongoni mwao alikuwamo David Hemery wa Uingereza, mwenye dhahabu ya Mexico ya mwaka 1968 na rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Je, kuna majaribu makubwa ya macho kuliko hayo? Migongo saba inakimbia mbele yako, umati wa watu unapiga kelele, na wewe ndiwe wa mwisho kusimama.

Lakini mbio hizo haziwezi kukimbiwa kwa kutazama migongo ya watu. Viunzi ni kumi. Cha kwanza kipo mita 45 kutoka mstari wa kuanzia, na baina ya kimoja na kingine pana mita 35. Kila kiunzi kina urefu wa sentimita 91.4, karibu na kiuno cha mtu. Mkimbiaji hodari huzipita zile mita 35 kwa hatua zinazohesabika, aghalabu kati ya 13 na 15. Akipoteza hesabu kwa hatua moja tu, hufika kwenye kiunzi kwa mguu asiokuwa ameuandaa, akajikwaa au akapunguza mwendo, na mbio zimekwisha. Kwa hiyo anayeruka viunzi hana nafasi ya kuruka kiunzi cha saba akiwa kwenye cha tatu, wala ya kukisikitikia cha tatu akiwa kwenye cha saba. Akii-Bua alimaliza kwa sekunde 47.82. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili na Hemery wa tatu. Ilikuwa rekodi mpya ya dunia, mara ya kwanza kwa binadamu kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48, na dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki.

"Hakuruka kumi kwa pamoja," sajini alimaliza. "Aliruka kimoja, mara kumi. Wewe leo ulitaka kuruka cha shamba la baba yako na cha mama wa watu kwa mguu mmoja."

Maneno hayo konstebo aliondoka nayo. Hata hivyo kuyasikia ni jambo moja, na kuyatenda ni jambo jingine. Juma lililofuata aliiacha simu nyumbani, akashangaa kuona kwamba moyo wake ulitangatanga vilevile. Simu ilikuwa nyumbani, lakini shamba lilikuwa bado kichwani. Hapo akatambua kuwa simu ni mlango tu; mwizi mwenyewe huingia hata dirishani. Aliposimama kaunta, alijikuta anajibizana na kaka yake kimoyomoyo, na mtu aliyekuja kutoa habari ya baiskeli iliyoibwa akalazimika kurudia maneno yake mara mbili.

Aliyempa msaada mkubwa ni mkewe, tena bila kukusudia. Mama huyo ni fundi cherehani, hushona sare za shule katika chumba chao kimoja kambini, watoto watatu wakimzunguka. Jioni moja jirani alipiga hodi, na mke, ambaye kwa kawaida ni mwepesi wa kukaribisha wageni, hakuitika. Alikuwa amepitisha mkasi katikati ya kitambaa. Alifika mwisho wa mstari wa chaki, akauweka mkasi chini, ndipo akainua uso na kusema, "Karibu, dada, samahani." Konstebo akamwuliza kwa nini alimwacha mgeni mlangoni.

"Baba watoto," akajibu, "uzi ukikosea nitaufumua. Kitambaa kikikatwa vibaya hakirudi. Mgeni akingoja kidogo hapungui. Na ukitaka kujua, mimi sishindani na kelele za nyumba hii. Mimi huchora chaki kwanza, nikimaliza kuchora nimekwisha fikiri. Mkasi unafuata tu."

Kisha, kwa kuwa mlango wa maneno ulikuwa umefunguka, akaongeza jambo ambalo mumewe hakulitazamia. Alisema kwamba binti yao wa darasa la pili alikuwa ameacha kumsomea baba yake kitabu cha shule jioni. Alipoulizwa sababu, mtoto alijibu kuwa baba husema "endelea" hata ukurasa unapokuwa umekwisha.

Neno hilo lilimchoma kuliko lile onyo la maandishi. Kumbe kosa la kaunta halikuzaliwa kaunta. Lilikuwa limelelewa nyumbani, jioni baada ya jioni, mpaka likapata nguvu ya kwenda kazini.

Tangu hapo akaanza kujipangia mambo, si kwa viapo vikubwa, bali kwa utaratibu mdogo mdogo, mfano wa chaki ya mkewe. Kwanza, alinunua daftari dogo la mfukoni. Kabla ya kuingia zamu huandika humo yale yanayomsumbua, na kando ya kila jambo huandika saa atakayolishughulikia: shamba, saa moja jioni, karo, Jumatatu asubuhi. Jambo likishapangiwa saa yake huacha kugonga mlango kila dakika. Pili, simu hukaa mtotoni mwa meza, haikai juu, naye huitazama baada ya mtu aliye mbele yake kuondoka, si kabla. Tatu, na hili ndilo lililokuwa na faida kuliko yote, kila anapomaliza kuandika taarifa huigeuza kalamu, akamsomea mlalamikaji neno kwa neno na kumwuliza, "Ndivyo ulivyosema?" Mara nyingi jibu ni ndiyo. Lakini mara moja moja mtu husema, "Hapana, afande, ni Jumanne, si Jumatano," na hapo konstebo hushukuru Mungu.

Isidhaniwe kwamba kuwa makini maana yake ni kukaza macho kutwa kucha bila kupumzika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la anga la Uingereza lilitambua kwamba watazamaji wa rada, waliokuwa wakitafuta nyambizi za adui, walikosa kuona alama kadiri zamu ilivyoendelea, ijapokuwa walikuwa vijana hodari wenye kujua hatari. Mtaalamu mmoja wa Cambridge, Norman Mackworth, akaifanyia kazi habari hiyo na kuichapisha mwaka 1948. Aliwaketisha watu kwa saa mbili mbele ya kitu mfano wa saa, ambayo mshale wake uliruka hatua moja moja, na mara chache sana uliruka hatua mbili. Kazi yao ilikuwa kuitambua ile ya mbili. Baada ya nusu saa ya kwanza tu walianza kukosa zaidi. Lakini walipobadilishana, nusu saa kazi na nusu saa mapumziko, umakini wao haukushuka. Askari yeyote aliyepata kulinda lindo la usiku analijua jambo hili mwilini mwake, hata kama hakulisoma popote. Kupumzika kwa utaratibu ni sehemu ya kazi. Kinachoharibu ni kupumzika kwa wizi, mtu akiwa amesimama zamu huku ameiacha zamu.

Konstebo naye alijifunza kulipokea pumziko lake bila kuona haya. Mwenzake akija kumpokea, huondoka kaunta kabisa, akanywa chai chini ya mwembe, akatazama simu yake kwa raha zake, kisha akairudisha mtotoni. Jioni humkalisha binti yake ubavuni na kumsikiliza kurasa mbili. Kurasa mbili si nyingi. Lakini mtoto akisoma neno vibaya, baba husema, "Rudia hapo," naye mtoto hufurahi kusahihishwa, kwani ni dalili kwamba amesikilizwa.

Zipo siku anazoteleza. Shamba la marehemu halijaisha maneno mpaka hivi leo, na zipo asubuhi ambapo moyo humtoroka mara kumi kabla ya saa nne. Tofauti ni kwamba zamani hakujua kuwa umetoroka. Sasa hujua, akaurudisha, kama mchungaji amrudishaye mbuzi njiani bila kumpiga.

Lilibaki jambo moja, nalo lilikuwa zito. Kiasi cha mwezi mmoja baada ya mkasa, yule mama alifika kituoni na mkungu wa ndizi mbivu kichwani, zawadi ya askari waliomwokolea mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa ameshika ncha ya leso yake. Askari wakafurahi, wakazipokea ndizi, wakamtania mtoto kuhusu mbuzi wake. Konstebo angeweza kunyamaza. Onyo alikwisha kulipata, kitabu kilikwisha kusahihishwa, na hakuna aliyemdai neno. Lakini aliona kwamba mama huyu bado amebeba kosa lisilo lake. Akatoka nyuma ya kaunta, akasimama mbele yake, akamwambia:

"Mama, siku ile ulisema vizuri. Ulisema cha Chini. Mimi ndiye niliyeandika cha Juu, kwa kuwa nilikuwa nasoma simu. Naomba unisamehe."

Kaunta ikawa kimya. Mama alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama mwanawe, kana kwamba anamhesabu upya. Hakulia wala hakufoka. Mwisho akasema, "Basi, mwanangu, siku nyingine nikisema nawe, nitazame usoni." Akamshika mtoto mkono, akaenda zake. Ndizi aliziacha.

Konstebo huyo hajapata nishani, wala habari zake hazitasomwa redioni. Lakini watu wanaofika kituoni pale wamekwisha kumzoea kwa tabia moja: akiandika jina la kijiji, huinua kalamu, akamtazama mtu usoni na kumwambia, "Mama, rudia tena." Wengine hudhani ni mzito wa kusikia. Yeye huwaacha wadhani hivyo.

Kazi ya mlinzi langoni, ya mwuguzi wodini, ya mama jikoni na ya mtoto darasani haziko mbali na hii. Kila moja ina kiunzi chake kilicho mbele, na kila moja ina migongo saba ya kutazama. Aliye na mawili mikononi na aweke moja chini, kwa hiari yake na kwa upole, kabla halijamponyoka. La pili litangoja. Likiwa na haki ya kungojewa, litakutwa pale pale lilipowekwa.